Mshale Ulisimama Wapi: Redio za Mbali na Redio za Kwetu

Kwa miaka kumi na moja nilikuwa fundi wa redio na simu pembeni ya soko la Kadutu, kule Bukavu. Mtu akiniletea redio iliyokufa, kabla ya kuifungua nilikuwa naangalia mshale. Mahali mshale umesimama, ndipo mwenye redio alikuwa anasikiliza siku ilipomkatikia. Kwa njia hiyo nilijua siri za mtaa mzima. Kuna papa mmoja, mbele ya watu alikuwa anasifu redio za dini tu, lakini mshale wake kila mara niliukuta kwenye ndombolo. Wazee waliosoma, mshale uko RFI. Wafanyabiashara wanaokwenda Kampala na Dar es Salaam, BBC. Wamama wa soko, na hao ndio walikuwa wateja wangu wengi, mshale uko kwenye redio za mjini, na walikuwa wananionya: "Fundi, tengeneza, lakini usiitoe hapo."

Sasa niko Nyarushishi, katikati ya vilima vya majani ya chai, wilaya ya Rusizi. Tulivuka Februari 2025, mwezi ule mji ulibadilisha mikono. (Nani alifanya nini, sitaandika hapa. Kila mmoja wetu ana habari yake, na shitingi inayotutenganisha ni nyembamba.) Nilivuka na bisibisi mbili, waya wa risasi kidogo na redio moja ndogo ya mapile. Bado watu wananiletea redio zao, na bado naangalia mshale. Ninachotaka kuwaambia wasomaji wa gazeti hili ni kwamba mishale imehama, na mimi nina maoni juu ya mahali ilipohamia.

Nianze na sifa, maana zipo. BBC ina Kiswahili tangu 1957. Deutsche Welle tangu 1963. RFI ilichelewa, ilianza Kiswahili mwaka 2010 kutoka Dar es Salaam, lakini ilipofika ilifika kweli, hasa kile kipindi cha Habari Rafiki ambamo msikilizaji wa kawaida anapewa nafasi ya kusema. Hizi redio zilinifanyia jambo ambalo redio za kwetu hazikunifanyia: zilinionyesha kwamba lugha yangu inaweza kubeba mzigo mzito. Kwetu, mambo makubwa ni Kifaransa. Bajeti, katiba, kesi ya waziri, yote Kifaransa. Kiswahili tuliachiwa habari fupi, chanjo, mahubiri na matangazo ya sabuni. Hata Radio Okapi, ninayoipenda na nitairudia, ina habari kwa Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo, lakini mjadala wake mkubwa wa jioni uliitwa *Dialogue entre Congolais*. Mazungumzo ya Wakongomani, na jina lenyewe mama yangu hakuweza kulitamka. Mara ya kwanza kusikia deni la nchi likielezwa kwa Kiswahili mpaka nikaelewa, sauti ilikuwa inatoka Ujerumani. Nilikuwa na simu ya mtu mkononi, nimeifungua, nikaacha kazi nikasikiliza mpaka mwisho.

Kwa hiyo anayesema redio za nje ni za wazungu, anakosea. Wanaozungumza humo ni watoto wa Tanga, Mombasa, Zanzibar, na siku hizi hata wa kwetu. Shida yangu na redio hizo iko mahali pengine.

Iko kwanza kwenye Kiswahili chenyewe. Ni kizuri kupita kiasi. Kuna neno "duru." Duru za kidiplomasia zinasema, duru za kuaminika zimethibitisha. Mama mmoja muuza sambaza aliniuliza siku moja: "Fundi, huyu Duru ni nani, njo anajua kila kitu?" Nilicheka, halafu nikaona swali lake ni zuri. Hata mimi ningependa kumjua Duru. Redio za mjini kwetu, mwandishi akisema jambo, tulijua anakaa wapi, tulijua hata baba yake. Akidanganya tulikuwa tunamkuta Nyawera tunamuuliza.

Halafu ni saa. Mtangazaji anasema sasa ni saa fulani za Afrika Mashariki, na siye wa Bukavu na wa Rusizi tunatoa moja. Maisha yangu yote nimetoa moja. Ni kitu kidogo, ndiyo, lakini mtu akikutajia saa ambayo siyo ya kwako kila siku, unaelewa kwamba hakukaa akikufikiria wewe.

Na kubwa zaidi ni majina. Kwa redio za mbali, siye wote tunatoka "mashariki mwa Kongo." Kivu Kusini peke yake ni kubwa kuliko Rwanda zaidi ya mara mbili. Ongeza Kivu Kaskazini, ongeza Ituri, ongeza na Maniema kwa wanaoiweka humo. Ukisema "mapigano yamezuka mashariki mwa Kongo" umeniambia nini, mimi niliyemwacha shangazi Panzi na mdogo wangu Kamanyola? Usiku, jirani yangu wa upande wa pili wa shitingi huwa anasikiliza kupitia redio yangu, maana yake iliibwa njiani. Habari zikiisha ananiuliza:

"Yaya, bametaja kwetu?"

"Hapana, bamesema tu mashariki."

Anageuka, analala. Au anajifanya analala.

Kuna redio moja ya nje, sitaitaja, ambayo usiku wa mwisho wetu kule ilisema hali ya mji imeripotiwa kuwa tulivu. Nilikuwa chini ya kitanda na watoto wawili ambao siyo wangu. Sidhani walidanganya. Nadhani mtu aliwapigia simu saa nane mchana, wakati ule ilikuwa kweli tulivu, wakaandika, wakasoma usiku. Ndivyo habari inavyosafiri, inachoka njiani. Lakini tangu siku ile neno "tulivu" likitoka redioni, mkono wangu unakwenda wenyewe kupunguza sauti.

Baadaye likatokea la Machi. Tulikuwa na mwezi mmoja tu hapa. Watu watatu, siku mbili, waliniletea redio wakisema zimeharibika: Sauti ya Amerika haishiki. Nilifungua ya kwanza, nikasafisha, nikabadilisha mapile, hakuna. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu sikuifungua. Nilizungusha mshale, redio nyingine zote zinaingia safi, masafa mafupi yanaimba vizuri, ila pale pake pamebaki upepo. Tukaja kujua: tarehe 14 Machi 2025 rais wa Marekani alitia saini karatasi, na kesho yake wafanyakazi karibu wote wa VOA, zaidi ya 1,300, waliambiwa wasirudi kazini. Redio iliyoanza 1942, katikati ya vita ya dunia, ilinyamazishwa na kalamu. Wale watatu niliwarudishia redio zao bila kuwatoza kitu, ila mmoja hakuniamini. Alipeleka yake kwa fundi wa Kamembe.

Tangu hapo nikaanza kuitazama kazi yangu tofauti. Siku zote tulidhani redio ya nje ni ile ambayo haifungwi. Yetu yanafungwa, yao iko mbali, hakuna askari atakayeifikia. Siyo kweli. RFI ilikatwa nchini kwetu Julai 2009, ikarudi Oktoba 2010. Yaani mwezi Kiswahili chake kilipozaliwa Dar es Salaam, masafa yake ya FM kwetu yalikuwa yamefungwa bado. Na Deutsche Welle, ambayo wazee wanaikumbuka ikiingia kwa nguvu kuliko zote: wengi hawajui kwamba nguvu ile ilikuwa inatoka hapa hapa Rwanda. Minara ilikuwa Kinyinya, Kigali, tangu miaka ya 1960, ikitupa sauti ya Ujerumani Afrika nzima. Machi 2015 ikazimwa. Nilikuwa Kadutu wakati ule, na nakumbuka wazee waliniletea redio zao pia. Ningekuwa na akili ya sasa ningewaambia mapema: papa, redio yako ni nzima, ni dunia ndiyo imehamisha mshale.

Ya kwetu, bei yake ni nyingine. Radio Maendeleo ilianza Bukavu mwaka 1993, redio ya raia, ya watu wa vyama vya maendeleo. Mwaka 1999 wakubwa wa RCD waliifunga. Radio Okapi ilianza Februari 2002, na Bukavu ilimpoteza Serge Maheshe, aliyeuawa kwa risasi tarehe 13 Juni 2007, halafu Didace Namujimbo, Novemba 2008, naye kwa risasi. Wote wawili waandishi wa Okapi, wote wawili katika mji uleule, katikati kukiwa na mwaka na nusu tu. Huko mbali redio ikinyamaza mwandishi anapoteza kazi, na hilo ni baya, silidharau. Kwetu watu hawa walikuwa wanarudi nyumbani usiku.

Kwa hiyo sitakubali mtu aniambie redio za kwetu ni dhaifu. Ni dhaifu, ndiyo. Umeme unakatika katikati ya habari, mwandishi anasoma tangazo la mkubwa kama lilivyo kwa sababu mkubwa yuko mlangoni, muziki unajaza pale habari ilipotakiwa kuwa. Wakati wa hatari, kwa kujua nani amempiga nani, nasikiliza ya mbali, sifichi. Mtu aliyeko Nairobi anaweza kutaja jina ambalo mtu wa Bukavu hawezi kulitaja akabaki na kichwa chake. Kazi hiyo ni ya redio za mbali na waifanye.

Lakini kipindi bora cha redio kuliko vyote nilivyosikia maisha yangu hakikuwahi kutoka London wala Bonn wala Paris. Ni komunike.

Msomaji wa mashirika huenda hajui ninachosema, basi nieleze. Ni yale matangazo ambayo familia inalipia kidogo yasomwe: familia fulani, ya avenue fulani, inajulisha ndugu na marafiki, walioko Uvira, walioko Walungu, walioko Goma, kwamba mzee wao amefariki, kilio kiko mahali fulani, maziko ni siku fulani. Au mtu amepoteza kadi ya uchaguzi na diploma katika bahasha ya kaki, aliyeokota apeleke mahali fulani, atapewa zawadi. Au mbuzi. Au mtoto wa miaka sita, amevaa shati la njano, anaitwa fulani, hajui kusema anakaa wapi. Msomaji anasoma mara mbili, polepole, bila muziki. Mji mzima unanyamaza. Hata wateja wangu waliokuwa wananigombeza kwa kuchelewa walikuwa wanainua kidole: ngoja, komunike.

Hakuna uandishi unaobana kama ule. Jina, uhusiano, mahali, siku. Hakuna duru. Kila neno limelipiwa, kwa hiyo hakuna neno la bure. Ningekuwa nafundisha waandishi wa habari ningeanzia hapo.

Na ajabu ya Rusizi ni hii: mpaka haujui redio. Mto ni mwembamba, ziwa ni moja, na FM haina karatasi. Pale chini, Kamembe, redio za Bukavu zinaingia kama uko Nguba. Kwetu huku mlima unazuia, lakini ukipanda mpaka juu ya mashamba ya chai, jioni, ukashika simu na waya wa masikio ukiwa umeunyoosha (ule waya ndio antena, usiukunje), zinaingia. Zinakwaruza, lakini zinaingia. Kisheria sasa hizo ndizo redio za nje kwangu, na redio ya nyumbani ni ya hapa. Radio Rwanda ina habari kwa Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi ya nchi hii tangu 2017, na Radio Rusizi inajua barabara zote za wilaya. Ninazisikiliza, nimejifunza Kinyarwanda changu kidogo humo. Lakini nikipanda mlimani sipandi kwa ajili yao.

Jioni moja ya Juni nilipanda. Nilisikia jina la mwalimu wangu wa darasa la tano. Jina lote, na lile la utani ambalo alidhani hatulijui, familia ilikuwa imeliweka humo. Kilio kiko nyumbani kwake, avenue ileile ambayo nilikuwa napeleka madaftari yake ya kusahihisha. Maziko kesho. Kutoka nilipokuwa nimesimama mpaka mlangoni kwake, siku za zamani, ni safari ya asubuhi moja, na ningerudi kula jioni. Msomaji akasoma mara ya pili, kama desturi. Mimi nilikuwa nimeshatoa kofia mara ya kwanza.

Nilipotelemka nilimwambia jirani. Hakumjua mwalimu, lakini aliniuliza amekufa lini, wa wapi, ameacha watoto wangapi, na niliweza kujibu yote. Tulikaa kilio sisi wawili, na chai. Hakuna habari ya dunia iliyowahi kunipa hicho kitu.

Sasa nije kwa watu wa mashirika, maana najua mnasoma gazeti hili, wengine kwa kulazimishwa. Mna kipaza sauti. Kinapita asubuhi kikituambia tunawe mikono na tusiuze mahindi ya mgao. Sawa, tumesikia. Nimeuliza mara mbili, kwa adabu, kama inawezekana nusu saa kwa wiki watu wasome komunike zao, zirekodiwe, zipelekwe redioni. Jibu lilikuwa ni hatari: majina ya wakimbizi hayatangazwi, ni ulinzi.

Hilo jibu siyo la kijinga na nitaliheshimu kwa kulijibu vizuri. Nchi hii inajua kuliko nchi zote kwamba kusoma majina redioni kunaweza kuwa kuua. RTLM, iliyoanza 1993, ilisoma majina, ikataja watu na mahali walipojificha, ili wauawe. Na hapa Nyarushishi penyewe, mwaka 1994, maelfu ya Watutsi walikusanywa kwenye mlima huu, wakiwa wamezungukwa na wanaowatafuta. Wenyeji wenye umri wangu wanakumbuka. Mzee mmoja anayetuuzia kuni haruhusu redio iwashwe kwa sauti kubwa karibu naye, na sijawahi kumuuliza kwa nini.

Lakini mwaka uleule wa 1994, baada ya mauaji, BBC ilianzisha kipindi kwa Kinyarwanda na Kirundi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusaidia ndugu waliopotezana watafutane, ndiyo maana kikaitwa Gahuzamiryango, kinachounganisha familia. Ndiyo mara ambayo redio ya mbali ilisoma komunike kama ya kwetu. Na mwaka uleule, Agosti, ng'ambo ile, Bukavu, Waswisi wachache walifungua Radio Agatashya kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda waliokuwa wamejaa kwetu. Agatashya ni mbayuwayu. Nilikuwa mtoto, nakumbuka kofia za wale watu na redio zao zimefungwa mpira wa baiskeli. Ilinyamaza Oktoba 1996 vita ilipoingia mjini. Walioianzisha waliunda Fondation Hirondelle, mbayuwayu yuleyule kwa Kifaransa, na hao ndio waliokuja kuanzisha Radio Okapi pamoja na Umoja wa Mataifa. Hii Okapi ninayoiita redio ya kwetu, mama yake ni redio ya wakimbizi wa upande huu waliokuwa upande ule. Ukiniuliza tena ipi ni ya nje na ipi ni ya nyumbani, nitakuomba unipe muda.

Kwa hiyo najibu hivi. Jina likisomwa na adui ni hatari. Likisomwa na mwenyewe ni habari. Anayeogopa asisome, asilazimishwe, hata asiulizwe. Mahali asitaje: aseme tu "niko mzima, ng'ambo, na mtoto wa dada yangu yuko nami." Msalaba Mwekundu wanatafuta jamaa kwa simu na fomu, na wamewapata wengi, Mungu awabariki. Lakini fomu inamtafuta mtu mmoja unayemjua. Komunike inasikika na mtu ambaye hukujua kwamba anakutafuta.

Nimeshaanza kuziandika, kwenye daftari, kwa anayetaka. Ziko kumi na nne. Ya jirani yangu ni ya tatu na ina maneno kumi na tisa, tumeihesabu, ameikataa mara mbili kwa sababu nilisahau kuandika Kamanyola. Ikipatikana nusu saa kwenye redio yoyote, ya ng'ambo au ya hapa, mapile ya kusikilizia nitanunua mwenyewe.